Kutoka Mto Athi Hadi Kilele cha Kilimambogo

Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Thika asubuhi isiyo na ukungu, hebu tazama upande wako wa kulia. Mbali kidogo, ng'ambo ya nyanda, utaona mlima umekaa peke yake kama ng'ombe aliyelala akicheua. Huo ndio Ol Donyo Sabuk, ambao wengi wetu tunauita Kilimambogo, yaani mlima wa nyati. Si mlima mkubwa. Kilele chake kina mita 2,145 hivi kutoka usawa wa bahari, na ukiulinganisha na Mlima Kenya wenye mita 5,199, ni kama mtoto aliyesimama karibu na babu yake. Hata hivyo mlima huu mdogo una jambo ambalo ile milima mikubwa haina. Miguuni pake unapita Mto Athi, na juu yake unaweza kuona, kwa kugeuza shingo tu, mahali maji ya mto huo yanakotoka na mahali yanakokwenda.

Akina mama wengi wa mjini huniambia kwamba matembezi ya milimani ni mambo ya watalii na vijana wa shule. Si kweli. Mwezi wa Januari tulikwenda wanawake saba, majirani wa mtaa mmoja wa Nairobi. Mdogo wetu alikuwa na miaka 34. Mkubwa wetu alikuwa na miaka 67, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima, wazee kwa watoto, humwita Mwalimu. Sote tulifika kileleni, na sote tulirudi nyumbani kabla ya jua kutua tukapika chakula cha jioni.

Mwalimu ndiye aliyekuwa na shauku zaidi ya safari hii. Alizaliwa kijiji kimoja cha Makueni kilicho kando ya Mto Athi, na dada yake mkubwa bado anaishi huko akilima sukuma wiki, nyanya na vitunguu ukingoni mwa mto. "Nimeishi Nairobi miaka 40," alituambia ndani ya gari, "na kila mwaka dada yangu huniuliza kwa simu, 'Huko kwenu mnatutumia nini ndani ya maji?' Leo nataka nikayaone hayo maji yakipita, nipate la kumjibu."

Maporomoko kumi na manne

Tuliondoka Nairobi saa 11 alfajiri. Kutoka mjini hadi Thika ni kilomita 45 hivi, na barabara ni nzuri tangu ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012. Thika tulishika barabara ya Garissa, tukapita mashamba makubwa ya mananasi yaliyofunikwa na umande, kisha tukakata kulia kuelekea mlimani. Saa 12:30, jua likichomoza, tulikuwa tumesimama penye Maporomoko Kumi na Manne, mahali Mto Athi unapogawanyika juu ya mwamba mpana na kuanguka kwa mikondo mingi.

Wakati wa mvua ya masika huwezi kuhesabu kitu. Mto hujaa, mikondo yote huungana, na maji huanguka kama pazia moja lenye rangi ya udongo. Sisi tulifika kiangazi, maji yakiwa yamepungua, na tuliweza kuhesabu. Mdogo wetu alihesabu kumi na mawili, mwingine kumi na matano. Kijana mmoja wa pale, aliyekuwa akitafuta wageni wa kuwavusha kwa mashua, alicheka akasema, "Mama zangu, msigombane. Ni kumi na manne."

Ni mahali pazuri sana. Mwamba ni mweusi, ukungu wa maji unapanda, na kwenye miti ya ukingoni ndege wanaimba kwa pamoja kana kwamba wameitwa zamu. Lakini ukisogea karibu, pua inakupa habari nyingine. Chini ya maporomoko kulikuwa na povu jeupe limejikusanya, zito kama povu la beseni la kufulia. Katikati ya povu hilo tuliona chupa za plastiki, kiatu cha mtoto, na nepi zile za kutupa, zimevimba zimekwama kwenye mawe. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa akifikiria pipa la taka la nyumbani kwake.

Mto huu unatoka wapi?

Hapa ni vizuri tuelewane, kwa sababu wengi wetu hunywa maji, hufua na kumwaga bila kujua jiografia ya nyumba zetu wenyewe. Mto Athi huanzia upande wa vilima vya Ngong, ukiitwa Mbagathi, hupita mpakani mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kisha mji wa Athi River. Halafu hupokea maji ya Mto Nairobi. Nao Mto Nairobi, kama unavyojua, umepita katikati ya jiji. Umepita nyuma ya soko la Gikomba, umepita Kamukunji, umepita kando ya jaa la taka la Dandora, ukakusanya vijito vya Mathare na Ngong vilivyopita katika mitaa yenye watu wengi na viwanda vingi. Mito ya Ruiru na Ndarugu nayo huongeza maji yake. Yote hayo ndiyo yanayoanguka pale penye maporomoko.

Jiji lina mtambo mkubwa wa kusafisha maji machafu huko Ruai. Lakini mtambo husafisha yale tu yanayoufikia kwa mabomba. Mtaa usio na bomba la maji machafu humwaga mferejini, na mfereji hauna pengine pa kwenda ila mtoni. Watafiti waliopima maji ya Mto Nairobi kwa nyakati mbalimbali wamekuta ndani yake vijidudu vya kinyesi pamoja na madini yenye sumu kama vile risasi. Akina mama tumefundishwa tangu kliniki kwamba maji yakichemshwa ni salama. Ni kweli kwa vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa madini, hata ukichemsha mpaka sufuria ikauke nusu, hayaondoki.

Na kutoka maporomokoni mto unaenda wapi? Unazunguka mlima, unashuka ukipita kati ya Makueni na Kitui, unapokea Mto Tsavo na kubadili jina kuwa Galana, na ukikaribia pwani unaitwa Sabaki. Mwishoni huingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Safari yote ni kilomita 390 hivi. Huko Makueni ndiko serikali ilianza mwaka 2018 kujenga bwawa kubwa la Thwake, lililokusudiwa kuhifadhi maji ya mto huu kwa matumizi ya watu na mashamba. Karibu na pwani, mahali paitwapo Baricho, kuna visima vilivyochimbwa ukingoni mwa Sabaki ambavyo hupeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Kwa hiyo, dada yangu wa Nairobi, shangazi yako aliye Mombasa anaposema maji ya bomba yamefika leo, huenda anazungumza juu ya mto uliopita nyuma ya nyumba yako.

Mama wa ukingoni

Kutoka maporomoko tulifuata njia ya kando ya mto kuelekea darajani. Jua lilikuwa bado jepesi. Mikuyu mikubwa imeinamia maji, na mizizi yake imeshika ukingo kama vidole. Tulipishana na wavulana waliokuwa wakinywesha ng'ombe, na mwanamume mmoja aliyekuwa akiwasha pampu ya kunyunyizia shamba lake la mboga.

Karibu na daraja tulimkuta mama mzee akikata majani ya mbuzi. Mwalimu alimwamkia kwa Kikamba, akamwita mwaitu, nao wakaanza kuulizana habari za watu na mvua kama waliopotezana kwa miaka. Baadaye Mwalimu alitufasiria. Mama yule aliolewa hapo akiwa msichana. Siku hizo walichota maji mtoni asubuhi, kabla ng'ombe hawajayakoroga, wakayaweka mtungini na kunywa. Watoto wake wakubwa walikua kwa maji hayo. Wajukuu wake hawayanywi. Wakati wa mvua hukinga maji ya paa, na kiangazi hununua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa vijana wa bodaboda.

"Nilimwuliza, na mboga je?" Mwalimu alisema. "Akanijibu kwamba mboga haina namna. Wanamwagilia kwa mto, kwa sababu mboga haiwezi kungoja mvua. Akaniuliza mboga hizo zinaliwa na nani. Nikamwambia sijui. Akacheka, akasema zinapelekwa sokoni mjini."

Ndugu msomaji, tafakari jibu hilo. Kile tunachomwaga Jumatatu kinaweza kurudi Ijumaa kikiwa kimefungwa fungu, tukakilipia, na kukipikia watoto wetu.

Kupanda polepole

Hifadhi ya Taifa ya Ol Donyo Sabuk ilianzishwa mwaka 1967. Ni ndogo, kilomita za mraba zipatazo 20 tu, nayo husimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS. Kutoka soko la Donyo hadi langoni si mbali. Hapo hulipwa ada, na wanaotaka kupanda kwa miguu hupewa askari wa kuwasindikiza, kwa sababu jina la Kilimambogo halikutolewa bure. Nyati wako, na nyati si mnyama wa kukutana naye kwenye kona. Askari wetu alikuwa kijana mpole mwenye bunduki begani. Alitupanga mstari, akamweka Mwalimu mbele. "Tutakwenda kwa mwendo wa mama huyu," alisema. "Mlima hupandwa kwa mwendo wa aliye mwishoni, basi afadhali yeye atangulie."

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi tangu siku ile, hasa ninapowahimiza watoto wangu asubuhi.

Barabara ya kwenda kileleni ina kilomita 9 hivi, ikizunguka mlima taratibu. Dereva aliyetuleta alitufuata nyuma polepole na gari lake. Ndani yake kulikuwa na chakula chetu, na nafasi kwa magoti yatakayochoka. Wawili kati yetu walipanda gari kwa kilomita moja au mbili kisha wakashuka tena, na hakuna aliyewacheka. Mwalimu alikataa kabisa. Kila alipochoka alisimama, akaegemea fimbo yake, akajifanya anatazama ndege. Nasi tukajifanya tumesadiki.

Chini kabisa mlima una migunga na nyasi ndefu. Ukizidi kupanda, miti inaongezeka, kivuli kinakuwa kizito, na hewa inabadilika hata unatamani sweta uliyoivua nusu saa iliyopita. Tuliona kima wakiruka matawini, na nyani mmoja aliyekaa katikati ya barabara kama mkaguzi wa tiketi. Nyati hatukuwaona, ila kinyesi chao kilikuwa kibichi, na askari alisimama mara mbili akasikiliza kabla ya kutupungia mkono tuendelee.

Makaburi begani mwa mlima

Kabla ya kilele, mahali mlima unapofanya bega lililo wazi, kuna makaburi. Hapo amezikwa William Northrup McMillan, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872, akaja Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne iliyopita na kujipatia ardhi kubwa sana ya Juja hadi mlima huu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuwa mgeni wake huko Juja. McMillan alifariki mwaka 1925. Inasimuliwa kwamba alitaka azikwe kileleni, lakini alikuwa mtu wa umbo kubwa na mlima ulikuwa mkali, na gari lililovuta jeneza likashindwa njiani. Wakamzika pale liliposimama. Mkewe, Lucie, ndiye aliyejenga maktaba ya McMillan mjini Nairobi kwa ukumbusho wake, ile yenye sanamu za simba mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Lucie naye amezikwa hapa.

Karibu nao kuna kaburi la mtumishi wao, Louise Decker. Tulisimama hapo kwa muda mrefu kuliko penye makaburi yale mengine. Bwana ana maktaba kwa jina lake, na bibi anakumbukwa kwa kuijenga. Mtumishi ana jina tu juu ya jiwe. Mmoja wetu, ambaye amefanya kazi za nyumba za watu kwa miaka 22, aling'oa nyasi zilizokuwa zimeanza kufunika ukingo wa kaburi hilo. Hakusema kitu, na hatukumwuliza.

Mlima wa njahi

Mlima huu ulikuwa na majina kabla McMillan hajauona. Ol Donyo Sabuk ni neno la Kimaasai lenye maana ya mlima mkubwa, kwa maana katika nyanda hizo hakuna mwingine wa kuushinda. Wakikuyu waliuita Kianjahi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya, aliutaja miongoni mwa milima minne iliyoheshimiwa na Wakikuyu kuwa makao ya Ngai: Kirinyaga upande wa kaskazini, Nyandarua magharibi, Kiambiruiru kusini, ambao wengi husema ni Ngong, na huu wa mashariki, aliouita mlima wa mvua kubwa. Mvua ya masika kwa Kikuyu huitwa mvua ya njahi.

Na njahi ni nini? Kila mama wa Kikuyu anayesoma makala hii ameshatabasamu. Ni zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe ambazo tangu zamani hupikiwa mwanamke aliyejifungua, zipondwe na ndizi, ale apate nguvu na maziwa. Basi jina la mlima huu linaambatana na mvua, na mvua inaambatana na chakula cha mama mzazi. Wazee wetu walitazama mawingu yakikusanyika huku mashariki wakajua kwamba kuna watakaokula.

Juu kileleni

Tulifika juu saa 5:30 asubuhi, baada ya saa tatu na nusu za kutembea na kupumzika. Kilele chenyewe kina minara ya mawasiliano na vichaka vizito, na mahali pengine huoni chochote. Askari alitupeleka penye upenyo mmoja, kisha mwingine, na hapo ndipo tulipoelewa kwa nini tulikuwa tumetoka jasho.

Kaskazini, Mlima Kenya ulikuwa bado haujajifunika, na theluji iliyobaki ilionekana kama chumvi kidogo. Magharibi yalikuwepo Nyandarua, mstari mrefu wa bluu. Kusini magharibi, vilima vya Ngong, kama vifundo vya ngumi. Milima mitatu ile mingine ya Kenyatta, yote kwa mtazamo mmoja. Askari alisema siku iliyo safi kabisa huonekana hata Kilimanjaro. Sisi siku hiyo hatukuiona, lakini hakuna aliyelalamika.

Kati ya Ngong na sisi lilikuwepo jiji la Nairobi. Kwa mbali namna hii huoni magari wala watu. Unaona ukungu wa rangi ya kahawia na majengo marefu yakichomoza ndani yake. Kutoka huko, ukifuata kwa jicho ule mstari wa miti ya kijani unaopindapinda nyandani, unauona mto ukija. Unakuja hadi miguuni pa mlima, unapita, unaelekea mashariki na kusini, hadi nchi inakuwa kavu na nyekundu na jicho linashindwa.

Mwalimu alisimama hapo akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Kisha aliinyoosha kuelekea jijini. "Pale ni kwetu." Akaizungusha polepole, akifuata mstari wa miti, mpaka ikaelekea kule kunakokauka. "Na kule ni kwa dada yangu."

Akatoa simu akampigia dada yake hapo hapo juu ya mlima. Waliongea Kikamba, wakacheka, kisha Mwalimu akanyamaza akisikiliza kwa muda. Alipomaliza tulimwuliza amemjibu nini juu ya maji. "Nimemwambia nimeyaona," alisema. "Nimemwambia ni yetu."

Tufanye nini sisi?

Tukiwa tumekaa kwenye nyasi tukila viazi vitamu na mayai ya kuchemsha, mazungumzo hayakuwa juu ya serikali. Si kwamba serikali haina kazi hapa. Inayo kubwa. Viwanda vinavyomwaga sumu usiku havitazuiwa na akina mama saba. Lakini yako mambo yanayotoka jikoni na bafuni mwetu, na hayo hayahitaji waziri.

Nepi za kutupa ndizo zilizotusumbua zaidi. Tuliafikiana kwamba nepi iliyotumika husafishwa kinyesi chooni kwanza, kisha hufungwa vizuri na kupewa mzoa taka anayejulikana anakotupa, si kijana yeyote mwenye mkokoteni. Wenye watoto wachanga walikumbushana kwamba vitambaa vya kufua bado vipo madukani na gharama yake hupungua kila mwezi. Mafuta yaliyochakaa ya kukaangia hayamwagwi mferejini, bali huwekwa chupani hadi chupa ijae, kisha hutupwa na taka. Maji ya kufulia yenye sabuni kidogo yanaweza kusafishia choo au ua kabla ya kumwagwa. Na kwenye mkutano wa nyumba za kupanga, badala ya kuuliza rangi ya lango, tumwulize mwenye nyumba swali moja: maji machafu ya jengo hili yanaingia bomba la jiji, au yanaingia mtoni? Mmoja wetu alisema amelipa kodi miaka tisa bila kuuliza hilo.

Mwanzo mdogo haudharauliwi. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake waliandamana hadi Kamukunji, karibu na huohuo Mto Nairobi, wakapanda miti saba. Miwili tu ndiyo iliyodumu. Lakini kutokana na kazi hiyo kilizaliwa chama kilichowashirikisha wanawake wa vijijini kupanda mamilioni ya miti, na mwaka 2004 yeye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Ukitaka kwenda

Wako watakaosoma haya na kutamani kuona wenyewe. Nendeni kwa kikundi, msiende peke yenu. Miezi ya Januari na Februari ni mizuri kwa kuona mbali. Baada ya mvua maporomoko hupendeza zaidi, lakini barabara ya mlimani huteleza na gari la kawaida hushindwa. Fikeni mtoni jua linapochomoza, muwe langoni kabla ya saa 3 asubuhi ili mpande kabla ya joto. Vaeni viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Bebeni sweta, kofia, na maji ya kutosha kwa kila mtu. Maji hayo yawe katika chupa za kudumu, kwa maana tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa. Ulizeni ada kabla ya kusafiri, kwani hubadilika. Watoto msiwaache wacheze kwenye mwamba wa maporomoko, kwa sababu mawe huteleza na mto una nguvu kuliko unavyoonekana. Na mzee akiwa kati yenu, mtangulizeni mbele.

Mkifika juu, msitazame Mlima Kenya peke yake, ingawa utawavuta macho. Tafuteni ule mstari wa miti ya kijani nyandani, muufuate tangu jijini hadi unakopotelea. Kisha kila mmoja ajiulize ana nani huko chini.